Mikono ya Papa ku Mwisho wa Daraja

Papa alishika mistari tano ya herufi kwa kichwa mu robo saa, tuko tumekaa ku banki ya kolidori ya hospitali, na ile siku mimi njo nilikuwa mwalimu wake.

Nilikuwa nimeingia wa kwanza. Mama munganga alinipatia kipande ya karto, akasema nifunike jicho moja, akagonga karatasi ya ku ukuta na fimbo, nikasoma. Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, ya zamani, pembe zake zimegeuka manjano. Nilisoma mupaka mustari ya chini kabisa, kwenye herufi ziko ndogo kama sisimizi. Kisha, wakati alikuwa anaandika jina yangu, nikazisoma tena bila kufungua kinywa, mara mbili, mara tatu. Ku sekondari sikuwa muntu wa kushika vitu kwa kichwa, tarehe za historia zilikuwa zinanikimbia. Zile herufi zilibaki. Ziko mupaka leo.

Nikatoka, nikakaa karibu na Papa, nikamusemesha mu sikio.

"Ya juu ni Z na U. Chini yake ni D, L, O."

"Pole pole. Anaanzia juu ao chini?"

"Juu. Anagonga na fimbo. Akigonga, ni mustari ingine."

"Basi sina haja ya kuona fimbo."

"Hauna haja, Papa. Sikiliza tu."

Akafunga macho, akaanza kurudilia, midomo inatembea, kidole chake kinahesabu ku goti. Mama mmoja mwenye kubeba mutoto mugonjwa alikuwa mbele yetu. Alituangalia, akafikiri tunaombea muntu, akafanya alama ya musalaba.

Walimuita. Mulango haukufungika vizuri, nikasikia yote. Fimbo, ko, kisha sauti ya Papa. Ko, kisha sauti ya Papa. Hakukosea hata herufi moja.

"Papa, unasoma mbio kushinda mutoto wako," mama munganga alisema.

"Sisi tulikula samaki," Papa akamujibu. "Hawa wanakula biskwi."

Alitoka na karatasi yenye kashe, muhuri ya hospitali. Ku mulango alitafuta ukuta na mukono kidogo tu, kama muntu mwenye kujinyoosha, na mimi nikasimama upande wa ngazi ili asikose. Inje tulicheka. Tulicheka kabisa, mupaka muntu wa pikipiki akatuuliza ni habari gani.

Inafaa niseme juu ya nini nilifanya vile. Kuna watu ku nyumba wanasemaga nilifanya juu ya kumupenda baba yangu. Namupenda. Lakini zaidi nilikuwa na haraka.

Nilikuwa na diplome tangu miaka mbili, na kazi hakuna. Nilikuwa naamka, nateremuka mupaka ku port ya Kalemie, naangalia wengine wanapakua, napanda tena mu jua. Wenzangu wa darasa walikuwa wanasema tusubiri. Mimi sikujua tunasubiri nani. Papa alikuwa shofere ya kamyo nzito tangu mimi sijazaliwa. Baba yake yeye alikuwa muntu wa treni, lakini treni ilianza kupita leo na kukosa mwezi, na Papa akachagua njia ya udongo. Kamyo ilikuwa ya patron mmoja mwenye depo karibu na port. Simenti, chumvi na sukari zenye zinavuka ziwa kutoka Kigoma, Papa anazipeleka Nyunzu. Anarudi na mahindi na karanga, na watu wamekaa juu.

Mimi nilitaka permi, leseni ya kuendesha gari nzito. Otoekole yetu, shule ya kujifunza gari, ilikuwa chumba moja, mabanki sita na ubao. Gari yake ilikuwa moja, ndogo, mulango wa nyuma umefungwa na kamba. Kamyo tulijifunza na chaki. Monitere, mwalimu wetu, alichora vitesi, zile gia za kamyo, ku ubao, na sisi watu kumi na moja tunasukuma vitesi mu hewa na mukono, tunakanyaga ambreyaje, klachi yenye haiko. Alitufundisha pia taa nyekundu na taa ya kijani. Nilimuuliza ku njia ya Nyunzu taa iko kilometa ngapi.

"Kijana, taa iko mu egzame," akanijibu. "Jibu, upite."

Kwa kamyo yenyewe, alisema, kila muntu ajitafutie mwenye permi, akae naye pembeni ku njia mupaka siku ya egzame. Mwenye permi wangu alikuwa Papa. Na ule mwezi patron alikuwa ametangaza shofere wake wote warudilie karatasi ya macho, ile yenye na mimi niliombwa juu ya egzame. Permi ya Papa ikikufa, yangu haizaliwe. Njo maana nilimufundisha herufi.

Kwamba haoni, nilikuwa nimechelewa kujua. Safari ya kwanza, miezi kabla ya ile siku ya hospitali, Papa alinikalisha katikati ya kabine, yeye ku volan, ku usukani, konvuayere ku dirisha. Konvuayere njo muntu mwenye kufunga mizigo, na ku mulima anakimbia nyuma na kipande ya muti ya kuzuia mupira wa gari. Wetu alikuwa mwanaume muzima, ana watoto wane, miaka nane na Papa, na kinywa chake hakina fre, hakina breki.

"Muntu wa kujifunza anasoma njia kwa sauti," Papa akaniambia. "Kila kitu unaona, sema."

Nikasema. "Shimo, kuume. Mbuzi tatu. Baiskeli, amebeba makala. Mama na kitunga, anavuka."

"Anavuka mbio ao pole pole?"

"Pole pole."

"Ana mutoto ku mugongo?"

"Sikuona, Papa."

"Basi haujasoma."

Konvuayere alicheka mupaka akapiga mulango na mukono. "Serikali imekupa diplome, leo unasoma mbuzi." Kuanzia pale jina yangu mu kamyo ikakuwa Diplome.

Mimi niliona ni namna ya kufundisha. Hata niliandika mu kaye yangu ya masomo, kwa fahari, kwamba Papa ana metode yake, monitere hana. Safari mbili, tatu, nilisoma njia nzima mupaka sauti ikakauka. Mara ingine, fasi njia iko nyoofu na haina watu, Papa alikuwa ananipa volan, anakaa katikati, na mimi naendelea kusoma.

Kisha siku moja nilikuwa na malaria. Tulikuwa tunarudi, konvuayere amepanda juu ya magunia kulala, Papa ku volan. Nilinyamaza. Kichwa kilikuwa kinaniuma na sikuona haja ya kusema tena, njia ilikuwa wazi, jua iko nyuma yetu. Mbele kulikuwa mwanaume anasukuma baiskeli, mihogo imejaa ku baiskeli, katikati kabisa. Nilimuona kutoka mbali. Nikasubiri Papa apige honi. Hakupiga. Hakupunguza. Tulikuwa tunaenda juu ya yule muntu kama hayuko.

Nilivuta volan. Yule mwanaume alijitupa mu majani na baiskeli na mihogo yake yote. Papa akasimamisha kamyo mbali kidogo. Mikono yake haikutoka ku volan.

"Ilikuwa nini?" akaniuliza.

Hakuuliza kama muntu yuko muzima. Aliuliza ilikuwa nini. Njo pale nilijua kwamba ile kusoma kwangu haikuwa masomo.

Nilishuka, nikamusaidia yule mwanaume kukusanya mihogo, akanitukana, nikakubali. Niliporudi Papa alikuwa amehamia katikati. Akaniambia yote kabla konvuayere hajashuka. Munganga mmoja wa macho alikuwa amepita Kalemie, Papa alienda kumuona bila kutuambia. Mushipa ya macho inakufa pole pole, hakuna dawa ya kuirudisha. Pembeni haoni kitu tena. Katikati ni moshi.

"Nisomee mupaka upate permi," alisema. "Siku utaipata, mimi nashuka. Nitaenda ku patron, nitamuambia nimechoka, mutoto wangu huyu hapa. Hakuna muntu atajua. Umesikia? Hakuna."

Nilisikia. Niliona pia kwamba ile ni njia fupi ya kupata kamyo. Mama tu njo tulimuambia, na yeye alianza kuwasha mushumaa ku kanisa kila tukitoka.

Sasa daraja. Kwenye njia ile daraja nyingi ni za miti, imelazwa moja pembeni ya ingine, na kamyo nzito haipiti pale bila sheria. Watu wote wanashuka, wanavuka na miguu. Muntu mmoja anaenda kusimama ku mwisho wa daraja, anaita kamyo na mikono. Mukono wenye uko upande wa kuume wa shofere, enda kuume. Mukono wa kushoto, enda kushoto. Ngumi, simama. Kutoka juu ya kabine, miti yenye iko karibu na mupira hauione, kwa hiyo shofere haangaliage daraja. Anaangalia mikono. Ukionekana unachungulia miti, umemutukana mwenye kukuita. Papa alikuwa anamuambia konvuayere ashike bido mbili za manjano, zile jerikani za mafuta, wakati wa kumuita. Watu walifikiri ni mayele, ujanja wa shofere ya zamani. Shofere wengine walianza kumuiga.

Na kuna sheria ingine. Siku ya kwanza ya mwanafunzi kupitisha kamyo ku daraja ya miti, haitwe na konvuayere. Anaitwa na yule mwenye alimupa volan. Ni kama kusema mbele ya watu: huyu ni wangu, akianguka nimeanguka naye.

Mu egzame ya gari nzito hakuna daraja. Kuna madrum mbili mu kiwanja na kurudi nyuma katikati yake. Ningeweza kusubiri. Lakini monitere alikuwa amesema egzame iko wiki ya kukuya, na konvuayere kila tukifika ku daraja alikuwa ananishusha kwenye volan na maneno.

"Diplome, teremuka. Hapa si ubao."

"Diplome, vuka na wamama."

Papa alikuwa anapata sababu kila mara. Mvua ilinyesha. Mizigo ni mingi. Mupira wa nyuma hauko sawa. Mimi nilijua sababu yenyewe, na bado nilikasirika. Nilijiambia: anaona kidogo, kidogo inatosha kuinua mukono.

Ile safari ya mwisho mbele ya egzame tulilala ku kijiji kimoja, tukaondoka asubuhi, mimi ku volan. Tukafika ku mto wenye iko karibu na Nyunzu, jua imetoka nyuma yetu. Watu kumi na kitu walishuka kutoka juu ya simenti, wakaanza kuvuka na vitunga vyao. Papa alifungua mulango ili abadilishe fasi na mimi. Mimi sikutoka.

"Papa, egzame iko wiki ya kukuya," nikasema, na nilisema kwa nguvu ili watu wasikie. "Niite nipite."

Konvuayere akageuka. Alikuwa ameshashika muti wake wa mupira. "Mh. Leo Diplome amekula nini?"

Mama mmoja muuza-chumvi, mwenye kusafiri na sisi kila mara, akacheka. "Muite mutoto wako, Papa. Ao unaogopa atatuangushia chumvi?"

Papa alibaki amesimama ku mulango. Aliniangalia, ao aliangalia fasi yenye sauti yangu ilitoka. Sijasahau ile uso. Hakukuwa na hasira ndani. Alikuwa kama muntu mwenye kuuliza bei, na anajua hana kitu mu mufuko.

"Sawa," akasema. "Nitakuita."

Hakuomba bido za manjano, juu mwenye kuita hana haja nazo. Alivuka katikati ya daraja, nyuma ya wamama, anaongea na yule muuza-chumvi, mukono wake ku kitunga ya mama kama anamusaidia. Miguu yake ilikuwa inajua ile daraja tangu miaka mingi. Akafika ng'ambo, akageuka, akasimama. Jua ya asubuhi ikamupiga usoni. Konvuayere alikuwa nyuma ya kamyo na muti wake, haoni mbele.

Nikawasha moteri, nikaingiza vitesi ya kwanza, na mbele ya mupira kugusa daraja nikaangalia miti. Nilifanya kitu yenye hairuhusiwe. Upande wa kuume miti tatu haikuwa. Palikuwa shimo, na chini ya shimo maji ya udongo. Kamyo ingine ilikuwa imeivunja, hatukujua siku gani. Watu wa kijiji walikuwa wamelaza miti mipya upande wa kushoto, magome yake bado iko juu, mibichi. Njia ya kupita ilikuwa imehama. Muntu yeyote mwenye macho angeona.

Papa aliinua mukono wa kuume. Njoo kuume, kuume, pole pole. Alikuwa anaita kamyo juu ya daraja yenye iko mu kichwa chake.

Watu wameniuliza juu ya nini sikusimama. Ningekanyaga fre, ningeshuka, ningemuambia mu sikio. Lakini mwanafunzi mwenye kusimama ku daraja yake ya kwanza na kushuka, maana yake ni moja tu: mikono yenye inaniita haiko sawa. Watu kumi na kitu wangeuliza iko na nini. Na kwenda kuume, sote tungekuwa mu maji. Nilifikiri nitapita kushoto taratibu, Papa atasikia moteri iko kushoto, atabadilisha mukono. Atafanya kama alikuwa ananiita kushoto tangu mwanzo. Nilimuamini kwa ile.

Nikapita kushoto. Miti mibichi ililia chini ya mipira lakini haikuvunjika. Macho yangu ilikuwa ku mikono ya Papa, inabadilika sasa, inabadilika sasa. Haikubadilika. Alikuwa anaita kuume kwa uangalifu mukubwa, vidole vyake vinapima, na mara kwa mara anainua kidole gumba, kusema vile, vile, muzuri, mwanangu. Kamyo ilitoka ku daraja, pua yake ikapita pembeni yake, joto ya moteri ikamugusa mukono. Na yeye bado amegeukia lile shimo, anaita.

Muuza-chumvi njo alisema wa kwanza. "Papa, kamyo iko huku. Unaita nani?"

Watu wakacheka. Kisha wale wa mbele wakaacha, na wale wa nyuma wakaendelea kidogo, na wao wakaacha.

Nilizima moteri. Konvuayere alikuya mbio kutoka nyuma, amebeba muti, anataka kunipongeza ao kunitukana, sijui. Akaona Papa. Akaona watu. Alienda mbele yake, akainua ule muti karibu na uso wake, akaupeleka kuume, akaurudisha kushoto. Macho ya Papa haikuufata.

"Miaka nane," konvuayere alisema. Hakusema kwa nguvu. "Miaka nane naenda nyuma ya mipira yako."

Mwanaume mmoja kati ya wasafiri alianza kuuliza tangu lini, tangu lini. Mama mmoja akashika watoto wake wawili na mikono kama kamyo bado inatembea. Walizungumza wao kwa wao, kisha muuza-chumvi akaleta jibu: watapanda, lakini kama Diplome njo anaendesha mupaka Nyunzu. Mimi sikuwa na permi. Hakuna aliyeuliza.

Njo vile nilipata volan.

Papa alikaa katikati, fasi yangu. Konvuayere alikataa kuingia mu kabine, alipanda juu. Nilitembeza kamyo labda saa moja, na sikusoma njia, sababu sasa ni mimi niko naona na nafanya. Tulipokaribia nyumba za kwanza za Nyunzu, Papa akasema, anaangalia mbele:

"Kamyo ikianguka, wanaitoa, wanaitengeneza."

Nikasubiri amalize. Hakumaliza.

"Watu wangekufa, Papa."

"Walikuwa wameshashuka wote," akasema. "Ni sisi wawili tu tulikuwa ndani ya ile mambo."

Yeye alikuwa ng'ambo. Ndani ya kamyo nilikuwa peke yangu. Sikumuambia.

Kufika Kalemie patron alikuwa ameshasikia, simu ya konvuayere ilitutangulia. Hakumutukana Papa. Alipokea ufunguo na mikono mbili, akamuambia pole, akauliza kama anataka chai. Kwa muntu kama Papa, nafikiri matusi ingekuwa afazali. Karatasi ya macho yenye kashe, patron aliiweka ku meza, akaiangalia muda murefu, akanirudishia mimi. Akaniangalia kidogo. Alielewa, na alinyamaza, na kamyo akaipa shofere mwingine.

Mama alinisubiri ku mulango ile siku. Aliniambia kitu moja: "Kazi yako ilikuwa kumusomea. Wewe ukataka aonekane." Kisha akaenda kuteka maji.

Egzame nilipita. Madrum mbili, kurudi nyuma, sikugusa hata moja. Walituuliza taa nyekundu, nikajibu. Permi ilipotoka niliipeleka nyumbani, nikamuwekea Papa mu mukono. Aliipapasa, akauliza kama wameandika jina vizuri, akanirudishia. Siku moja ya Mungu tulitembea naye kwenda kanisani, mimi nikamushika mukono, na kinywa changu kikaanza chenyewe, kwa mazoea: "Shimo, kuume. Mbuzi mbili."

"Nyamaza," akasema. "Sina kamyo tena."

Alitoa mukono wake, akatembea peke yake mupaka kanisani, polepole sana, anagusa ukuta za watu. Watoto wa kwenye njia walinyamaza wakati anapita. Mimi nilifata nyuma. Tangu pale sijamusomea kitu.

Kisha mwaka moja patron alinipa kamyo, ile ile. Konvuayere ni yule yule. Bado ananiita Diplome, lakini sasa anasema bila kucheka. Na ku kila daraja ya miti, mbele ya kuingia, natoa mukono ku dirisha, nainua vidole, namuuliza yeye kule ng'ambo ni ngapi, nijue kama anaona. Shofere wengine wanasema ile ni tusi, hakuna muntu mwenye anafanyaga vile. Wasafiri wanachoka, jua inawapiga, wanauliza kama tuko ku hospitali. Konvuayere ananijibu. Anakasirika, lakini ananijibu.

Wiki iliyopita tulifika ku ule mto. Miti imekuwa ya zamani tena, magome imeanguka. Watu walikuwa wameshavuka. Konvuayere alienda, akageuka, jua iko usoni kwake, akapaza sauti:

"Tatu, Diplome. Tatu. Kuya tuende."

Mukono wangu ulikuwa bado ku volan. Sikuwa nimeinua kitu.

Siku zote nainuaga tatu. Sikujua mupaka ile asubuhi, na yeye alikuwa ameshazishika kwa kichwa. Nilivuta fre ya mukono, nikazima moteri, nikashuka. Wasafiri wakaanza kulalamika kule ng'ambo. Nikaingia ku daraja na miguu, nikakanyaga muti moja, kisha ule wa pili.